Mtani Alipoleta Habari za Mama

Watu wakisikia nimetoka kwenye ule mji mdogo wa majabali, huko mbele ya Tabora, swali lao nalijua kabla hawajafungua mdomo. Maporomoko bado yapo? Yapo, yaende wapi! Maji yanaanguka palepale yalipokuwa yakianguka wakati wa Mwingereza, na watu wanakwenda kuyatazama na vikapu vyao vya mikate na chupa za chai. Mimi siendi. Mtu akinialika nasema mguu unaniuma. Akinishikilia sana namwambia wazi: mama yangu alianguka pale, habari zake zikaletwa mjini asubuhi, na wanaume wazima wakakaa barazani wakacheka. Hapo huacha kunialika. Wengine hudhani natia chumvi. Laiti ningekuwa natia chumvi.

Mji wenyewe ulikuwa mtaa mmoja, umebanwa na vilima vya mawe pande mbili, na njia ya zamani ya misafara ikipita katikati. Babu zetu walipita hapo na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, na juu kidogo ya nyumba za mwisho kulikuwa na pango walilokuwa wakilala, dari yake nyeusi kwa moshi wa mioto yao. Utotoni mwangu misafara ilikuwa imekwisha kitambo, reli imeimeza kazi yote, na waliokuja walikuwa Wazungu wa Serikali kutoka Tabora, mwisho wa juma, na magari yao. Walijengewa nyumba ya wageni juu kwenye mgongo wa kilima. Walipaka mishale ya chokaa kwenye mawe ili wasipotee. Walitazama pango, wakapanda Jabali Kubwa kuangalia pori linavyokwenda mpaka macho yanachoka, kisha wakateremka kuoga kwenye bwawa chini ya maporomoko, wake kwa waume, wakipiga kelele. Sisi watoto tulijificha tukawachungulia. Tulichoshindwa kuelewa ni jinsi mtu mzima anavyoweza kupanda mlima wote ule halafu akashuka mikono mitupu.

Mama hakushuka mikono mitupu hata siku moja. Mvua za kwanza zikishanyesha na jua likatoka kidogo, uyoga unaota porini, na kwetu uyoga ni nyama. Kila mwanamke alikuwa na mahali pake, na mahali penyewe hapatajwi, hata kwa ndugu yako wa tumbo moja. Mama alitoka alfajiri peke yake, akashika kwanza njia ya kisimani ili wenzake wamwone, kisha ndipo akakata porini. Hata mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa sijaonyeshwa. Aliniambia atanipeleka siku nitakapoolewa. Kwa hiyo asubuhi ile hapakuwa na mtu aliyejua mama yuko wapi, ila mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa mtani wetu.

Asiyekulia kwetu hajui uzito wa jambo hili. Sisi Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo, toka huko huko kwenye misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na wewe ukacheka. Anaingia jikoni kwako, anabeba kuku, na huna pa kumshitaki. Ukifiwa ndiye anayechimba kaburi, na kabla maiti haijashushwa anaingia yeye mwenyewe akalala humo chali, anasema nyumba hii nimeipata mimi, sitoki mpaka mnipe kitu, na watu waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka na machozi bado yako mashavuni. Ni dawa, sikatai. Nimeshamwona mjane asiyekula wala kunywa akiinuka kitandani kumfukuza mtani na mwiko, na tangu hapo akaanza kula.

Mtani wetu alikuwa fundi cherehani, Mzaramo mwembamba, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Alivaa koti jeusi masika na kiangazi, hata jua likiwa la kukaanga mayai, na watu walisema atazikwa nalo. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Mwarabu, na hapo hapo ndipo wanaume walipokuwa wakicheza bao. Yeye na baba walipendana kuliko ndugu, na kila asubuhi waliamkuana kwa matusi.

"Mtumwa wangu, umeamka?" baba angesema.

"Nimeamka, na nimekuta umekojoa kitandani tena," fundi angejibu, bila kuinua macho kwenye mshono.

Mwaka mmoja kabla ya asubuhi ile, fundi alikuja mbio nyumbani kwetu akipiga ukelele kwamba mama ameumwa na nyoka kisimani. Baba alikuwa anachonga mzinga wa nyuki. Alitoka hivyo hivyo, shoka mkononi, miguu chini, akakimbia mpaka kisimani, na huko akamkuta mama anafua nguo na kuimba. Mtaa mzima ulicheka mpaka tukachoka kuchekwa. Baba naye alicheka, ndiyo desturi, lakini mimi namjua baba yangu, lilimwingia. Alisimama barazani akaapa mbele ya watu kwamba siku nyingine, hata fundi amwambie nyumba yake inaungua na moshi anausikia puani, hatainuka. Watu wakampigia makofi. Nami nilipiga, nilikuwa nimekaa pale chini na karanga zangu.

Basi asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nimetumwa kumpelekea baba tumbaku yake. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Jabali Kubwa, mazito, lakini mvua bado. Baba alikuwa anacheza bao na wenzake watatu. Nikamwona fundi anateremka kutoka upande wa kilimani, anakimbia kwa mguu wake ule, anapanda na kushuka, na mkononi ana kikapu cha mama.

"Mkeo ameanguka!" alisema kabla hajafika barazani. "Yuko chini ya jabali, kule kwenye maporomoko, ng'ambo ya mto. Amevunjika nyonga. Hawezi kuinuka na mimi siwezi kumbeba peke yangu. Leteni kitanda. Inukeni basi, mnanitazama nini?"

Baba hakuinua macho kwenye bao. Alihesabu kete zake, akazitia shimo kwa shimo.

"Nyoka wa leo ana miguu mingapi?" akauliza.

Lo! Kicheko kilichoangukia pale! Mmoja alijipiga mapaja. Fundi alisimama anahema. Akaeleza kwamba alikuwa amepeleka mapazia kwenye nyumba ya wageni, akarudi kwa njia ya mkato inayopita kwenye maporomoko, akasikia mtu anaita. Akakuta mama ameteleza kutoka juu kwenye utelezi wa mawe. Alieleza vizuri, kitu kwa kitu, na kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo walivyozidi kumsifu. Walisema leo amejitayarisha, leo ametunga.

"Kikapu chake hiki hapa!" alisema, akakiweka katikati ya bao.

Ndani ya kikapu mlikuwa na uyoga mweupe, mbichi, una udongo bado.

"Kumbe umemnyang'anya mke wangu uyoga njiani," baba akasema. "Haya, mwizi wangu, hongera. Mwanangu, chukua peleka nyumbani, mama yako akirudi apike."

Na hapo ndipo nilipoona mambo ambayo mpaka leo yanaifanya damu yangu ichemke. Fundi aliapa. Wallahi, alisema, wallahi, nife sasa hivi. Wakacheka, kwa sababu mtani huapa. Akaanza kulia, machozi yenyewe, kamasi zenyewe, akapiga magoti mbele ya baba na kofia mkononi. Wakapiga makofi, kwa sababu hata kilio cha mtani walikuwa wamekizoea misibani. Alilishika bao akalipindua, kete zikatawanyika mpaka barabarani. Wakacheka wakaziokota. Mwisho akainuka akampiga baba kofi la shavu, kofi lililolia kama ubao unapasuka. Angekuwa mtu mwingine tungepelekana kwa mtemi siku ile ile. Baba alilishika shavu lake, akamtazama, akacheka.

"Leo mtumwa wangu umelewa," alisema.

Mwajua ni kitu gani kibaya kuliko kutosikilizwa? Ni kusikilizwa na kila mtu, watu wamekukodolea macho, wanalifurahia kila neno. Yule mtu hakuwa na njia. Kila alichofanya kilikuwa ndani ya utani, hata angejichinja pale wangesema damu ni ya kuku.

Mimi nilikuwa nimekishika kikapu. Nikaona kitu ambacho wao hawakukitazama.

"Baba, hana koti," nikasema. "Baba, mtazame, koti lake liko wapi?"

"Amelificha ili umhurumie," baba akasema. "Wewe mtoto, mambo ya watani huyajui. Nenda nyumbani."

Fundi alinigeukia. Uso wake ulikuwa umemshuka, hakuwa tena na nguvu ya kubishana. Akaniinamia.

"Koti nimemfunika mama yako. Ananiuliza baridi hii inatoka wapi, na jua lilikuwa limewaka," akaniambia. "Mimi narudi kukaa naye, asiwe peke yake. Wewe tafuta watu. Yeyote mwenye mabega. Umesikia?"

Akaondoka vile vile alivyokuja, akichechemea kuelekea mlimani. Wakamzomea kidogo, wakarudi kwenye bao.

Nilimwamini tangu pale, wala sitaki mtu aniulize nilijuaje. Nilijua. Mawazo ya kwanza yalikuwa kumfuata. Lakini ningefanya nini na mikono ile, mikono ya mtoto? Mama hakuhitaji wa kulia naye, alihitaji wa kumbeba. Nikakitua kikapu pale pale barazani, uyoga na udongo wake, nikakimbia kwenda kanisani.

Mwinjilisti wetu alikuwa anafundisha kwaya. Mtu mpole sana, mtu wa kukushika kichwa akikusalimu. Aliniacha niseme yote mpaka mwisho, na wanakwaya wamenyamaza.

"Baba yako anasemaje?" akauliza.

"Anasema ni utani."

"Basi mwanangu, mimi nitampitaje baba yako?" Akanipangusa machozi kwa kidole gumba. "Fundi yule! Juzi tu alinitangazia hapa kwamba askofu amefika, nikavaa kanzu. Nenda nyumbani, utamkuta mama yako jikoni."

Wanakwaya wakacheka, wakaanza upya wimbo wao wa Bwana ni kimbilio. Nilitoka nikiwa nimeziba masikio.

Kwenye njia ya Jabali Kubwa palikuwa na gari la Wazungu. Wawili wanaume na mmoja mwanamke, wanafunga vitu vyao haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yameteremka. Kwa wanaume wale niliona mabega. Nikamshika mmoja mkono wa shati nikamvuta, nikaonyesha maporomoko, nikasema mama, mama, nikalala chini kumwonyesha mtu aliyevunjika. Kiswahili changu hawakukifuata, na changu kilikuwa cha kilio, hata Mswahili asingekifuata. Yule mwanamke alichuchumaa akanitazama kwa huruma kabisa, akafungua kopo akanipa biskuti yenye sukari juu. Kisha wakapanda gari. Niliila ile biskuti nikilia huku nikikimbia kurudi mjini, maana sikuwa nimekula tangu jana yake, na sukari yake naisikia mpaka leo, nikiiona dukani nageuka upande.

Nilikuwa nimebaki na mlango mmoja. Nikapita nyuma ya duka, kwenye mlango wa wanawake, nikaingia kwa mke wa Mwarabu. Mumewe alikuwa amekwenda Usoke na lori. Yeye alikuwa mama mtu mzima, mnene, wa kukaa ndani. Sisi watoto tulimjua kwa sauti yake na kwa halua aliyotupa sikukuu, lakini mtaa haukuwahi kumwona anapita njiani. Alikuwa anachambua mchele. Alikuwa ameusikia msukosuko wote wa barazani tangu mwanzo, upande wa pili wa mlango, na yeye pia, aliniambia baadaye, alikuwa amecheka mle ndani peke yake.

"Shikamoo bibi," nikasema, na nikaanguka pale kwenye mkeka.

"Marahaba. Una nini?"

Nikamwambia. Hakuniuliza baba amesema nini. Aliniuliza jambo moja tu.

"Fundi yuko wapi sasa?"

"Amerudi mlimani."

"Na mguu ule? Na mvua hii inakuja?"

Akaacha kuchambua, ungo mapajani. Halafu uso wake ukabadilika.

"Mtani akishatania hukaa akatazama watu wanavyocheka," alisema. "Ndiyo tamu yake. Huyu amekwenda zake. Ya Rabi! Huyu hakutania!"

Alisimama, mchele ukamwagika. Akalivuta baibui lake ukutani, akajitupia. Nilidhani atatokea nyuma. Hakutokea nyuma. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, mlango wa duka, akafungua mabawa yote mawili, akatoka barazani katikati ya wanaume.

Hakuna aliyecheka hapo. Mmoja alisimama akatazama ukutani kwa heshima, hajui aweke wapi macho. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka kwenye vumbi.

"Mmekaa?" alisema. Sauti ilikuwa inamtetemeka kwa hasira na kwa aibu ya kusimama pale. "Mwanamke wa watu anakufa mlimani, na nyinyi mmekaa mlangoni kwangu mnacheza kete? Hamwoni fundi hakungoja hata mumpe maji? Chukueni kitanda changu. Kiko ndani, ingieni, piteni! Inuka wewe, baba mtu!"

Baba aliinuka. Sijui niuelezeje uso wake. Nilimwona anamtazama yule mama, kisha kikapu pale chini, kisha mlima. Alikimbia kabla ya wenzake. Wakatoka na kitanda cha kamba juu ya vichwa vyao, na mvua ikaanguka yote kwa pamoja.

Nilikimbia nyuma yao. Mishale ile ya chokaa ilikuwa inaoshwa na maji, jiwe kwa jiwe. Njia niliyozoea kuiruka kwa mchezo ilikuwa imegeuka mfereji. Njiani nilikuwa namwomba Mungu kwa Kinyamwezi, maana kwa Kiswahili maneno yalikuwa hayaji. Ngojea, mayu, mama yangu, nilisema, tunakuja, ngojea.

Tulipofika mtoni, mto ulikuwa umejaa.

Asubuhi mtu angevuka pale kwa kukanyaga mawe, na maji yasimfike kifundoni. Fundi alivuka mara mbili na mguu wake ule. Sasa maji yalikuwa mekundu, yanakuja na matawi, na maporomoko yalikuwa yananguruma hata ukipiga kelele sikioni mwa mtu hasikii. Ng'ambo, chini ya jabali, niliwaona. Fundi amekaa na shati limemgandama mwilini, kichwa cha mama kiko mapajani mwake, na koti jeusi limemfunika mama mpaka kidevuni. Palikuwa karibu mno. Kwa mawe ya kurusha ningewafikia.

Baba aliingia majini. Maji yakampiga, yakamrudisha kwenye mawe. Akaingia tena, akazama mpaka kifuani, akapotea, wakamvuta kwa nguo. Mara ya tatu walimlalia juu, wanaume watatu, naye anawauma mikono. Fundi kule ng'ambo alikuwa anatupungia kwa mkono mmoja, msije, msije, ngojeni yapungue. Kisha akaushika mkono wa mama akauinua, ili tuuone. Na mkono ule ulibaki juu fundi alipouachia. Ulibaki wenyewe! Mama alikuwa ametuona. Alikunja vidole na kuvikunjua, kama alivyokuwa akiniita nikiwa mbali na sauti haifiki. Nikapiga kelele mpaka koo likapasuka.

Tulikaa ukingoni. Hicho ndicho kilichokuwapo cha kufanya, kukaa na kutazama, na kitanda tumekigeuza chali kinajaa mvua. Baba alikuwa anapigapiga ardhi kwa kiganja. Mvua ikapungua, mto haukupungua. Nilimwona fundi anainama kuongea na mama, anainama tena, anamsikiliza. Nilimwona anampangusa uso. Baadaye akakaa muda mrefu bila kuinama. Kisha akalishika koti kwa mikono miwili, akalivuta juu, taratibu, likampita mama kidevu, likampita uso.

"Ni utani!" baba akapiga kelele. Akatugeukia sisi, anatushika mabega mmoja mmoja, anacheka, wallahi alikuwa anacheka. "Mtani huyo! Mnamjua! Anatutania, ananilipizia! Atalifunua sasa hivi, mtaona!"

Wale wanaume watatu hakuna aliyemtazama. Baba akabaki anaelekeza kidole ng'ambo, anangoja koti lifunuliwe.

Mto ulipungua jua lilipokuwa linatua, tukavuka kwa kushikana mikono. Fundi alisaidia kumweka mama kitandani, akashika mguu mmoja wa kitanda, wa upande wa chini ambao ni mzito, akaubeba mpaka mjini akichechemea, na alipoombwa apokelewe alikataa kwa kichwa. Miaka mingi baadaye nilimweleza mganga mmoja wa hospitali ya Kitete jinsi ilivyokuwa, naye akaniambia pengine mama alikuwa akivuja damu ndani, pengine angekufa hata wangemfikia asubuhi. Nilimwambia ahsante. Pengine yake sikuiomba. Najua ya kwamba mto ulikuwa unavukika asubuhi.

Kesho yake tulizika. Fundi alikuja mapema na jembe, akachimba kaburi yeye, kama inavyompasa mtani, akawakataza wengine wasiguse. Mwinjilisti alisoma, sauti imemkauka. Ikafika saa ya kushusha maiti, na watu wote wakamtazama fundi. Ilikuwa zamu yake ya kuingia akalala. Wanawake walikuwa wamelia usiku kucha, walikuwa wanamngoja kama mgonjwa anavyongoja maji. Fundi alipanda kutoka shimoni, akajipangusa udongo mikononi, akasimama pembeni, kofia kifuani.

Shangazi yangu mkubwa alimsogelea. "Tania basi, mtani," akamnong'oneza. "Tutakufa na huzuni hii."

"Leo nimekuja kuzika, mama," fundi akajibu.

Tukamzika mama hivyo, kilio bila kukatika, na sijawahi kuona mazishi marefu kama yale.

Baba alikaa ndani mpaka matanga yakaanuliwa. Siku aliyotoka alinichukua mimi, tukatembea mpaka dukani. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, bila koti. Lile alikuwa amemzika nalo mama, alikataa katukatu lisitolewe. Pembeni yake palikuwa na kikombe cha chai, moshi unatoka. Baba alisimama mbele yake. Kisha akanyoosha mkono, akakitwaa kile kikombe bila kuomba, akanywa mpaka nusu, kama alivyokuwa akifanya kila siku ya Mungu, na kila siku fundi alimwita fisi, mlafi, mtoto wa njaa, akamtupia kiatu.

Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akainuka, akampisha baba kiti.

"Karibu ukae, bwana," akasema kwa adabu. "Kunywa tu. Nikuongezee sukari?"

Baba alibaki na kikombe mkononi. Chai ilikuwa inamwagika kwenye vidole vyake wala hasikii moto.

"Nitukane," akasema. "Ndugu yangu, nakuomba. Nitukane."

"Siwezi kumtukana mtu mzima, bwana," fundi akajibu, akarudi kwenye kazi yake.

Waliishi mtaa mmoja mpaka fundi akafa, na kila asubuhi alimwamkia baba hivyo, kwa heshima zote.